Tundu la Mwisho

Simu ilikata roho tena, na safari hii ilichagua pabaya. Mteja alikuwa mwanamume mwenye sauti nzito, mashine yake ya kufulia imemwaga maji sebule nzima, na ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutulia. "Sawa, dada," alikuwa anasema, "nimeuona huo mfuniko mdogo wa chini. Sasa niufungue?" Dada akafumbua mdomo kumwambia asithubutu kuufungua kabla hajafunga bomba, na papo hapo kioo cha simu kikawa cheusi tii, hedifoni zikanyamaza.

"Asifungue," alisema kwa sauti, peke yake chumbani. "Jamani, asifungue."

Kama alifungua au hakufungua, Mungu ndiye ajuaye. Simu ilikaa kimya pale mezani muda wa kutosha kumtoa mtu jasho, kisha ikajiwasha yenyewe, taratibu, bila haya, ikaandika kwamba iko tayari kupokea wateja.

Huyo dada mtaani walimwita Kasuku. Jina alipewa na mama mkwe wake, na alipewa kwa mapenzi. Tangu aipate kazi ya kupokea simu za wateja akiwa nyumbani, alikuwa akirudia maneno yaleyale kutoka asubuhi mpaka alasiri: "Asante kwa kutupigia. Pole kwa usumbufu. Mashine ilianza lini kusumbua? Na kabla haijaanza, ulibadilisha nini?" Mama mkwe huyo, Bi Mkubwa, aliyasikia kupitia ukuta mpaka akayakariri, ikafika mahali watoto wakilia tumbo anawauliza yeye: lilianza lini, na kabla halijaanza ulikula nini?

Lakini kazi yenyewe ilikuwa bado ya majaribio, na hapo ndipo palipokuwa na kitendawili. Msimamizi wake, mwanamke ambaye Kasuku hakuwahi kumwona uso, alikuwa ameshamwambia bila kuzunguka: simu za wateja zikiendelea kukatika, vifaa vya kampuni virudi kwa kampuni. Ule ulikuwa mshahara wa kwanza wa nyumba ile wenye tarehe. Pesa za mumewe zilikuja kama mgeni asiyepiga hodi, leo zipo, mwezi mzima hazipo, na ulizia vizuri utaambiwa bosi amesafiri. Muuza duka wa pale kona, aliyekuwa akiutazama kwanza mkono wa Kasuku ndipo aukate mkate, siku hizi alimkatia huku anamuulizia hali ya nyumbani. Kasuku aliipenda heshima hiyo ndogo kuliko mkate wenyewe. Kuirudia hali ile ya zamani, hapana, afadhali afe.

Jioni, mumewe alipoingia tu, kabla hajavua viatu, alimpa habari.

"Ni waya," mumewe akasema.

Mumewe alikuwa fundi wa mitandao, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine mtaa mzima, aliitwa Fundi tu, ikatosha. Alifunga kamera na intaneti kwenye maghala, maofisi na zahanati. Alikuwa mtu mwema, mchapakazi, mwenye mkanda wa vifaa kiunoni hata siku ya harusi za watu, ila alikuwa na kasoro moja: neno "sijui" lilimkwama kooni.

"Waya ulibadilisha juzi," Kasuku akamkumbusha.

"Basi ni vichwa vya waya."

"Vichwa ulivikata jana, ukafunga vipya."

"Ndiyo maana nasema ni waya."

Sasa, ili tuelewane: simu ile ya kampuni haikuwa na waya wake wa umeme. Ilikula na kunywa mlango mmoja. Waya wa mtandao ulitoka kwenye kisanduku cheusi kilichokaa juu ya kabati la sebuleni, ukatoboa ukuta, ukaingia chumbani mpaka mezani kwa Kasuku, na ndani ya waya huohuo mmoja yakapita maneno ya wateja pamoja na umeme wa kuiwasha simu. Kisanduku kilikuwa na matundu manane yaliyopangwa mstari, kila tundu na kitaa chake cha kijani. Tundu moja lilipokea intaneti kutoka nje, na kwenye mengine ndimo ilimokuwa simu, na ndimo zilimokuwa kamera.

Kamera, ndiyo. Nyumba ya kupanga ya vyumba vitatu, mali ya maana ndani yake ni televisheni na masufuria, lakini ina kamera sita. Ya getini, ya uani, ya mlango wa nyuma, ya ukumbini, ya dirisha la jikoni, na moja iliyokuwa inalitazama tangi la maji. Kasuku aliwahi kuuliza tangi la maji linatazamwa ili likimbilie wapi. Fundi akajibu kwamba kamera hiyo ilibaki kwenye kazi fulani na ile kona ilikuwa tupu.

Zote zilianza na Bi Mkubwa. Mwaka jana mama huyo aliteleza uani, akavunjika nyonga, akalala pale chini muda mrefu hakuna anayemsikia, mpaka jirani alipochungulia juu ya ukuta kuomba kiberiti. Tangu siku hiyo Fundi aliapa kwamba mama yake hatakosa macho tena. Akiwa kazini, kila akipata nafasi ya kupumua, anatoa simu yake mfukoni na kuichungulia nyumba. Halafu anapiga.

"Mama, hiyo ndoo iweke chini."

"Mama, mbona umevua viatu?"

"Mama, naona midomo inacheza, unaongea na nani?"

"Na wewe!" Bi Mkubwa alimjibu siku moja, ameishika simu sikioni katikati ya uani. "Naongea na wewe, kwani umeona nani mwingine?"

Tuyaache hayo. Jioni ile Fundi alishika tochi mdomoni akaupima waya upya. Kifaa chake cha kupimia kiliwasha taa zote, moja baada ya nyingine, waya mzima kama ulivyozaliwa. Simu yenyewe hakuichomeka, kwa sababu kampuni iliagiza kazi ikiisha ichomolewe na ifungiwe kwenye droo, na Kasuku aliifuata amri hiyo kwa ufunguo, maana mapacha wake wakati fulani waliwahi kumpigia mteja na kumuuliza kama ana paka.

"Umeona?" Fundi akasema. "Hakuna tatizo."

"Nimeona. Sasa mchana inakufa kwa nini?"

"Mchana mimi sipo."

"Ndiyo maana nakuambia mimi niliyepo."

Fundi alijikuna kidevu. Akasema labda ni umeme wa mtaa unapanda na kushuka. Akasema labda ni panya. Akasema simu yenyewe ya kampuni ni ya bei rahisi, hata ukiishika unaona. Mwisho akasema hata kamera ya uani siku hizi inamsumbua, mara kwa mara akiifungua mchana anaona weupe mtupu kama ukungu, akirudi nyumbani akaifuta kioo, safi. Kwa hiyo huenda kuna unyevu umeingia kila mahali. Kutoka sebuleni Bi Mkubwa alikohoa. Hakuna aliyemsikiliza, wazee hukohoa.

Kesho yake Fundi aliacha kazi ya watu, akakaa nyumbani kutwa. Alivuta kiti, akaketi mbele ya simu, mikono kifuani, kama askari anayemlinda mtuhumiwa. Simu haikukata hata mara moja. Wateja walikuja na kwenda, mashine zikapona, kitaa cha kijani kikang'aa asubuhi mpaka alasiri.

"Mke wangu," Fundi alisema mwishoni, kwa upole uliomkera Kasuku kuliko matusi, "usichukie. Huenda ni wewe."

"Mimi nini?"

"Labda unauvuta waya kwa mguu. Labda unaongea huku unachezachezea. Mtu hajijui."

Kasuku alizivua hedifoni, akaziweka mezani taratibu sana. "Mume wangu. Nawatengenezea wateja mashine ambazo sijawahi kuziona kwa macho, za watu ambao sijawahi kuwaona kwa macho. Wewe umeshindwa na simu iliyo mbele ya pua yako, halafu unaniambia ni mguu wangu?"

"Nimesema labda."

"Mganga hajigangi, nilisikia. Ila hata kumsingizia mgonjwa?"

Usiku ule walilala wamepeana migongo.

*

Siku iliyofuata msimamizi alipiga mapema. Alisema leo atakuwa anasikiliza mwenyewe, simu hadi simu, mpaka zamu iishe. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Kasuku. Mtu mwenye hasira bado ana matumaini nawe.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Fundi alikuwa ameondoka kwenda kufunga kamera kwenye ghala. Mapacha walikuwa shuleni. Bi Mkubwa alipita mlangoni na fimbo yake, akachungulia, akaonyesha kwa vidole kwamba chai iko kwenye chupa, akaondoka kwa kunyata. Kasuku akamshukuru moyoni. Mama mkwe kama yule wanawake wengine humwombea dua hawampati. Tangu Kasuku aanze kazi, Bi Mkubwa alikuwa amemtua mzigo wa nyumba kichwani, hata nguo alikuwa ametafuta dobi, mama mmoja wa mtaa wa pili anayekuja mchana mara moja moja, anafua haraka haraka, anaondoka. Kasuku alikuwa hajawahi kumwona. "Ana nyumba nyingi," Bi Mkubwa alimwambia. "Ukimsemesha unamchelewesha."

Karibu na saa ya chakula, mteja mmoja mwanamke alikuwa anaeleza jinsi mashine yake inavyotembea jikoni yenyewe mpaka mlangoni. "Pole kwa usumbufu," Kasuku alimwambia. "Ilianza lini kutem—"

Kioo kikawa cheusi.

Kasuku hakulia. Hakupiga meza. Aliinuka na hedifoni zikining'inia shingoni, akatoka chumbani, akapita sebuleni, akapita ukumbini, akafungua mlango wa nyuma apate mahali pa kupiga yowe bila kuwatisha majirani wa mbele. Yowe likamfia kooni.

Katikati ya uani, juu ya kigoda, miguu imepanuliwa huku na huku ya beseni kubwa, mapovu mpaka kwenye viwiko, Bi Mkubwa alikuwa anafua. Tena anafua kwa bidii, anasugua sare za mapacha huku anaimba kwa sauti ya chini, fimbo imetupwa kule. Juu yake, ukutani, kamera ya uani ilikuwa imevishwa bukta ya Fundi, ile ya buluu yenye mistari, mbichi, inachuruzika maji. Ile ya mlango wa nyuma, juu ya kichwa cha Kasuku, ilikuwa imefungwa kitambaa cha kichwa na fundo zuri la pembeni.

"Mama!" Kasuku akasema. "Kumbe dobi ni wewe!"

Bi Mkubwa aliruka pale kwenye kigoda kama msichana aliyefumaniwa. "Usipige kelele!" akanong'ona, na macho yake yalikwenda kwenye kamera kwanza. "Atasikia."

"Daktari si alisema usiiname?"

"Sijainama. Nimekaa."

"Mama..."

"Sasa nani afue? Wewe uko kwenye simu. Yeye yuko kwenye ngazi. Kweli nimtafute mtu wa kumlipa, na mimi nimekaa kutwa natazamana na kuku? Nilisema nikusaidie usije ukaipoteza kazi." Alianza kuinuka haraka kuficha ushahidi. Aliivuta bukta kutoka kwenye kamera, akachukua fimbo, akakidaka kitambaa kule juu kwa ncha yake kwa ustadi ulioonyesha kwamba hakuwa mgeni wa kazi hiyo. "Haya. Nimeacha. Usimwambie mwanangu."

Kasuku alikuwa anataka kusema neno, na hapo, kutoka chumbani, akasikia mlio. Mlio mdogo wa simu inayojiwasha.

Akageuka kutazama mlango. Akaitazama bukta mkononi mwa mama mkwe wake.

"Mama," akasema polepole, na kwa kuwa mazoea yana taabu, sauti iliyomtoka ilikuwa ileile ya kazini. "Kufua ulianza lini?"

"Ulipoanza kazi."

"Na kabla hujaanza kufua, unabadilisha nini?"

"Nibadilishe nini? Sibadilishi kitu. Namfunika tu mwanangu asinione." Akaionyesha kamera kwa bukta. Kwake kamera ile ilikuwa Fundi mwenyewe, hapakuwa na kingine cha kuiita.

"Jana alipokuwa nyumbani kutwa, ulifua?"

"Nifue na yeye yupo? Mimi mwendawazimu?"

"Mama, hebu irudishe hapo juu."

"Nini, bukta?"

"Irudishe. Na kitambaa."

Bi Mkubwa alimtazama mkwewe kwa huruma, akadhani kazi imemwelemea mtoto wa watu. Lakini akairudisha. Kasuku alikimbia chumbani. Simu ilikuwa inawaka, akahesabu pumzi zake, simu ikazima. "Toa!" akapiga kelele dirishani. Bi Mkubwa akatoa. Simu ikaanza kujiwasha. "Weka!" Ikazima. "Toa!" Na Bi Mkubwa, ambaye hakuelewa hata moja lakini alikuwa ameanza kuufurahia mchezo, aliweka na kutoa, kuweka na kutoa, mpaka akashikwa na kicheko ikabidi aketi.

Simu ya mkononi ya Kasuku ikaita. Msimamizi.

"Umekatika," alisema. Hakuwa anauliza.

"Nimepata chanzo. Sasa hivi, nakuapia."

"Ni nini?"

Kasuku aliitazama bukta kupitia dirisha. Kuna ukweli ambao hausemeki kwa mwajiri. "Ni mambo ya kamera," akasema.

"Nasikia mtu anacheka."

"Ni mama mkwe wangu."

"Nasikiliza mpaka mwisho wa zamu," msimamizi akasema. "Ikikatika mara nyingine, usinipigie kunieleza. Funga vifaa kwenye boksi lake tu."

*

Fundi aliipokea simu ya mkewe akiwa juu ya ngazi ndefu ndani ya ghala. Neno lake la kwanza lilikuwa: "Mama ameanguka?"

"Hajaanguka. Anafua."

"Anafanya nini?"

"Nisikilize kwanza. Tukizifunika kamera mbili, simu yangu inakufa. Tukizifunua, inafufuka. Kwa nini?"

Kasuku alisikia ngazi ikilia. Alimjua mumewe, alijua hapo hesabu zinapita kichwani na kila inayopita inamchoma.

"Ukiifunika kamera," Fundi akasema hatimaye, kwa sauti ndogo, "inadhani ni usiku. Inawasha vitaa vyake vya kuonea gizani, ndiyo ule weupe niliokuwa nauona. Vile vitaa vinakula umeme, karibu mara mbili ya mchana. Na kisanduku nacho kina umeme wa kiasi chake. Ni kama chungu kimoja cha chakula. Tundu la kwanza linapakuliwa kwanza, la pili linafuata, hivyohivyo. Wa mbele wakiongeza, chungu kinaisha, wa mwisho anabaki na sahani tupu."

"Kwa hiyo usiku inakufa kila siku."

"Usiku unaifungia kwenye droo. Tungejuaje? Nilipiga hesabu ya mchana peke yake. Kwa wateja huwa naacha nafasi. Hapo nyumbani nilisema... ni nyumbani."

"Mimi niko tundu la ngapi?"

"Wewe ulikuja mwisho, mke wangu, kwa hiyo lililokuwa limebaki..."

"La ngapi?"

"La nane."

"Na tangi la maji?"

Ngazi ikalia tena.

"Nimeuliza, na tangi la maji?"

"La sita."

"Alaa." Kasuku alivuta kiti akaketi. Ilimuuma, na haikumuuma kidogo. "Kwa hiyo ndani ya nyumba hii tangi la maji linakula kabla yangu."

"Si nilikuwa nimeshazifunga zote, ndipo kazi yako ikaja, sasa kuanza kuchomoa..."

"Na mguu wangu? Hivi ulisema nini kuhusu mguu wangu?"

"Samahani," Fundi akasema. Aliisema kweli, kwa uzito wake wote, na vibarua wawili waliokuwa wameishika ngazi chini waliinua vichwa kumtazama.

Kasuku angemweka pale juu ya ngazi zaidi, lakini chumba kilikuwa kinaanza kuwa na kiza. Akatazama nje. Wingu zito, jeusi, lilikuwa linapanda juu ya mapaa, na upepo ulishaanza kuzichapa kamba za kuanikia.

"Mvua inakuja," akasema.

"Huku pia naiona." Sauti ya Fundi ikabadilika. "Ngoja. Likitanda giza, kamera zote zitadhani usiku umeingia. Sio mbili. Zote."

"Na zamu yangu bado."

"Nenda kwenye kisanduku. Chomoa waya wako tundu la nane, uuweke mbele. Hata la nne litatosha, utoe wa jikoni."

Kasuku alikwisha kufika kabatini. Matundu manane, vitaa vinane, na juu ya kila tundu maandishi madogo ya mkono wa mumewe. "La kwanza ni la nani?"

"La kwanza liache. Hilo ni la uani. Ni la Mama."

Kasuku akasita, mkono hewani. Alikumbuka mwaka jana, walivyomwinua mama huyo pale uani ana baridi, anawaambia wasihangaike. Mtoto asiyetaka kuyaona yale tena si mtu mbaya. Akauelekeza mkono wake kwenye tundu la nne.

"Hapo anasemaje?" Bi Mkubwa alikuwa ameingia, mikono ina mapovu bado.

"Anasema la kwanza ni lako, lisiguswe."

Bi Mkubwa alimnyang'anya simu. "Wewe," akamwambia mwanawe. "Ni mimi niliyeivisha kamera bukta. Na kitakachochomolewa leo ni hicho cha uani. Nimemaliza." Akakata, akamrudishia mkwewe simu ikiwa na povu. "Weka waya wako hapo mbele, mwanangu, kabla mvua haijafika. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema. Hawakusema hata nguo gani."

Kasuku akauchomoa waya wa kwanza, akaupeleka la nane. Wake akauweka la kwanza. Ukaingia kwa mlio mdogo, tak.

Mvua ilipiga mara hiyohiyo. Nyumba ikawa giza saa za mchana. Kasuku alikaa mezani na hedifoni masikioni, na kupitia mlango uliokuwa wazi akamwona Bi Mkubwa ameketi sebuleni chini ya kabati, shingo juu, analinda vitaa. Simu ikaita.

"Asante kwa kutupigia. Pole kwa usumbufu..."

"Dada," ikasema sauti nzito. "Ni wewe uliyenikatia?"

Kasuku akafumba macho. Kati ya watu wote duniani. Na msimamizi anasikiliza. "Ni mimi, baba. Nisamehe sana."

"Nilifungua."

"Ule mfuniko?"

"Ule mfuniko. Dada, maji niliyoyaona mimi... Mke wangu yuko kwa dada yake mpaka leo."

Sebuleni, Bi Mkubwa aliinua kidole: kitaa kimoja kimezima. Kasuku akakitupia jicho kioo cha simu. Bi Mkubwa akainua vidole vinane, halafu akajigonga kifuani mwenyewe, anatabasamu meno yote. La nane. La uani. La kwake. Vingine vyote vilikuwa vinawaka, na simu ilikuwa inawaka.

"Baba," Kasuku akasema, na sauti yake ikatulia kama mtu aliyekaa kwenye kiti chake mwenyewe, "safari hii sikuachi. Hata ikitufikisha jioni. Kwanza kafunge bomba. Umefunga? Vizuri. Sasa tuanze pamoja."

Ikawafikisha karibu mwisho wa zamu. Mwanamume yule aliagana naye kwa baraka, akamwombea mpaka wazazi wake. Baadaye ukaingia ujumbe mfupi kutoka kwa msimamizi: "Kesho asubuhi, kama kawaida." Na chini yake, baada ya muda, kama mtu aliyejizuia akashindwa: "Msalimie mama mkwe."

*

Fundi aliingia ameloa chapachapa, mvua imekwisha na yeye bado anachuruzika. Hakumtazama mkewe wala kisanduku. Alikwenda moja kwa moja uani, akamkuta mama yake ameketi kando ya beseni anangoja mapovu yatulie, akamshika mabega kama vile anampima kama ametimia.

"Mama, ukianguka tena je? Nani atakuona?"

"Nitaita. Mkeo yuko chumba cha pili, ana masikio ya kulipwa."

"Nitauhamisha ule waya, nitanunua kisanduku kikubwa, nitairudisha kamera ya..."

"Mwanangu." Bi Mkubwa aliishika mikono yake, akaishusha mabegani. "Mimi nilianguka siku moja. Tangu siku hiyo wewe unanitazama kama vile bado niko chini."

Kasuku, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliona macho ya mumewe yakijaa, akajifanya anatazama kamba za kuanikia. Alikuwa na maneno yake mengi kuhusu tangi la maji, alikuwa ameyaandaa kutwa nzima. Akayaacha kwa leo. Kesho ni siku pia.

"Nguo zimebaki nyingi?" Fundi akauliza mwishowe.

"Zote. Si mlinikatiza?"

Akaufungua mkanda wake wa vifaa, akautundika kwenye msumari. Akakunja suruali. Akakaa kwenye kigoda ambacho kilikuwa kifupi mno kwake, magoti yakamfika masikioni, akatumbukiza mikono. Jirani akachungulia juu ya ukuta, akaangalia, akaangalia tena, akauliza kama Fundi siku hizi amepata kazi nyingine. "Ya majaribio," akajibu Kasuku.

Bi Mkubwa alivuta kiti chake karibu, akaketi, akaiweka fimbo mapajani. Juu ukutani kamera ya uani ilikuwa imezima, haina umeme wala nguo. Fundi alisuuza sare za mapacha, akazikamua, akaziweka kando. Akaichukua bukta ya buluu yenye mistari, akaichovya mara moja, akataka kuipitisha haraka haraka na nyingine.

"Hiyo irudie," Bi Mkubwa akasema. "Nakuona."